Sufuria ya Mwisho ni ya Nyumbani

Dereva alizima injini akatangaza kwamba mbele hakuendeki. Mto ulikuwa umeondoka na nusu ya daraja. Sisi tuliopanda nyuma ya lori tukashuka na mizigo yetu katika mji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na safari nao.

Nimeshushwa katika miji mingi ya namna hiyo, na nimejifunza kutouliza chumba kwa mtu aliyekaa bure. Nilimwendea mwanamke aliyekuwa akiuza maji kwenye ndoo, mikono ikiwa kazini.

"Fuata ule moshi," alisema bila kuniangalia. "Ukifika muulizie Fundi Nzito. Ana chumba cha uani. Ila uzisifu sufuria zake kwanza, la sivyo utalala nje."

Moshi ulinipeleka kwenye ua mpana uliozungushiwa mabati. Upande mmoja palikuwa na nyumba ya vyumba vichache na jiko la nje. Upande wa pili kulikuwa na vilima vya vyuma chakavu: pistoni, fremu za madirisha, mapanga ya feni, rejeta zilizobonyea, makopo yaliyokanyagwa yakawa bapa. Katikati palikuwa na shimo la mkaa, na juu ya mkaa mtungi wa gesi uliokatwa shingo, umejaa alumini iliyoyeyuka. Mzee mmoja aliukoroga kwa upawa mrefu. Nyusi zake zilikwisha kuungua miaka mingi iliyopita na hazikurudi, kwa hiyo alionekana kama mtu anayeshangaa kila wakati, ingawa nilipomzoea niligundua kwamba hakuna kilichomshangaza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Subiri, hiki hakimsubiri mtu."

Nikasubiri. Aliondoa povu la takataka juu ya mtungi, kisha akatupia konzi ya vipande vidogo vya kijivu. Vilikuwa vya risasi, yale madini mazito, vile ambavyo mafundi wa matairi hubandika kwenye rimu ili gurudumu lisitetemeke. Alisema vinalainisha chuma kikaenda kila kona. Mjomba wake aliyemfundisha kazi alifanya hivyo, na mjomba hakuwa mtu wa kuulizwa. Mbele yake masanduku ya mchanga mweusi yalikuwa yamepangwa, kila moja limeshindiliwa kwa kufuata umbo la sufuria ya zamani. Alimimina, akasogea, akamimina. Masanduku yalipopoa akayavunja, na sufuria zikatoka mchangani zikiwa zimegandwa na mchanga, kama viazi vilivyochimbwa sasa hivi. Alizigonga kwa kifundo cha kidole, moja moja, akisikiliza. Ya mwisho aliiweka kando, mbali na wenzake.

"Mbona hiyo umeitenga?" nikauliza. "Ina kasoro?"

Alinitazama kwa zile nyusi zisizokuwepo. "Kasoro? Hiyo ndiyo bora kuliko zote. Hiyo haiuzwi. Sufuria ya mwisho ni ya nyumbani."

Nilikuwa nimegusa mahali penyewe, kwa sababu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akanieleza. "Watu husema mfinyanzi hulia gaeni. Na kweli, mtazame seremala wetu, kitanda chake kina mguu wa tofali. Fundi cherehani hapo ng'ambo, suruali yake imeshonwa na upepo. Mimi nilikataa hilo tangu siku ya kuoa. Chini ya mtungi ndiko chuma kizito kinakotulia. Nikifika chini kabisa, ule uzito wote simpi mteja. Mke wangu ndiye anayeupikia."

"Ndiye anayeubeba," mkewe alijibu kutoka jikoni. "Mkono wangu mmoja umekuwa mrefu kuliko wa pili. Mgeni, karibu. Usimsikilize sana, utazeeka umesimama."

Nikazisifu sufuria. Nikapewa chumba.

Ningeweza kuvuka mto kwa miguu siku ya pili, kwa kuwa watu walilaza mbao juu ya nguzo zilizobaki, na magari yalisubiri upande wa pili. Lakini chumba kilikuwa na dirisha zuri, nami sikuwa na mtu aliyekuwa akinisubiri. Nikakaa.

Nyumba ilikuwa na watu watatu. Mzee, mkewe, na mjukuu wa kike aliyeanza chekechea, ambaye jina lake sikulisikia likitumika, kwa kuwa kila mtu alimwita Kijiko. Mama yake, binti pekee wa Fundi, alishona nguo katika kiwanda kwenye mji mwingine ng'ambo ya mto, akifanya kazi kutwa nzima, na hakuwa na wa kumwachia mtoto. Kwa hiyo mtoto alilelewa na bibi na babu. Bibi alimwita "mke mwenzangu", na alipokuwa amechoka naye alimwambia Fundi, "Mwite mkeo mdogo, anachezea mkaa."

Jina la Kijiko lilitokana na ukoko. Chakula kilipopakuliwa mtoto hakugusa sahani yake. Alingojea sufuria. Ilipoletwa kwake aliingia nusu ya mwili humo ndani na kijiko chake cha alumini, na kwa muda mrefu hapo uani husikii sauti nyingine ila kukwangua. Babu yake aliacha kazi ili asikilize.

"Unasikia?" aliniambia. "Sufuria nyepesi hailii hivyo."

Lugha ninazozijua, pamoja na zile ninazoweza kuombea maji tu, karibu zote huusifu uzito. Mtu mzito husikilizwa, neno zito halisahauliki. Mji ule ulikuwa na sababu ya ziada. Wanawake walizipima sufuria za Fundi kwa kuzinyanyua kwa mkono mmoja, na ile iliyouvuta mkono chini ndiyo iliyoondoka. Sufuria ya Fundi Nzito ilirithiwa na binti. Ilisemwa kwamba ukiidondosha, utahurumia sakafu.

Mvua zilipungua. Mhandisi wa daraja alikuja, akatazama, akaondoka, akarudi na watu. Kijiko alianza kushika tumbo. Bibi alimpa dawa ya minyoo, baadaye akampa tena. Mtoto alikataa chakula ila uji wa limau, ambao bibi aliupika jioni akauacha ndani ya sufuria hadi asubuhi ili ukolee, na ule ukoko wake. Nilipofika mjini mtoto alikuwa na wimbo wa shule wenye beti nyingi ambao aliuimba wote, akirudia pale alipopenda. Sasa aliuimba hadi katikati, akasimama, akaanza kitu kingine. Mwalimu wake alisema anakodoa macho dirishani. Bibi alisema ni kumkumbuka mama. Fundi alisema ni ujanja, watoto wote hukodoa macho dirishani mwalimu akiwa anaongea.

Nesi wa zahanati alipita chekechea akachukua damu ya watoto kwa ajili ya kupima kitu fulani, wazazi hawakuelewa nini, na siku nyingi baadaye alifika pale uani na mwavuli mkubwa. Alikuwa mwanamke wa haraka, asiyekaa kitini akikaribishwa.

"Damu ya mjukuu wenu ina risasi," alisema. "Nyingi. Nimekuja kutafuta inakotoka."

Alianza na rangi ya madirisha. Akakwangua kidogo. Akauliza kuhusu wanja, kuhusu viungo vya unga vinavyonunuliwa kwa kijiko sokoni, kuhusu bomba la maji, kuhusu vitu vya kuchezea. Akaelekeza mwavuli kwenye vilima vya chuma.

"Mtoto anacheza hapo?"

"Akicheza hapo namfukuza," Fundi alisema.

"Na mnapikia nini?"

Hapo Fundi alifurahi. Aliingia jikoni mwenyewe, akatoka na sufuria kubwa ya mchuzi, ile iliyong'aa ndani kwa kukwanguliwa, akaiweka mikononi mwa nesi hadi mabega yake yakashuka. "Chukua hii, mwanangu. Usichukue za dukani ukaja kunihukumu kwa kazi ya wengine. Hii ndiyo bora yangu. Ipeleke wakaipime wanavyotaka."

Mkewe alinong'ona, "Na mimi leo nipikie nini?"

"Kuna nyingine mbili," alisema Fundi. "Zote za mwisho."

Nesi aliporudi, safari hii alikaa. Aliiweka sufuria chini, na mkononi alikuwa na nyingine, ndogo, ambayo Fundi aliitambua kabla hajaigusa. Ilikuwa kazi yake pia, nesi aliinunua sokoni.

"Baba, hospitali kuu walichemsha maji yenye siki ndani ya sufuria hizi, muda ule ule unaochemka mchuzi wa nyanya. Siki, nyanya, limau, vyote vyenye uchachu hula chuma. Kisha maji yale yakapimwa. Risasi imo. Haina harufu wala ladha, kwa hiyo mlaji hajui."

"Imo katika zote mbili?"

"Zote. Hii ya sokoni inayo, na haikutakiwa kuwa nayo hata chembe. Lakini hii ya nyumbani imeizidi mara nyingi. Tulidhani tumekosea, tukarudia."

"Ngoja," alisema Fundi. "Ile ninayomuuzia jirani ni nafuu kuliko ninayompa mjukuu wangu?"

"Ndiyo, baba. Risasi ni nzito kuliko alumini. Vikiyeyuka pamoja..."

"Inatulia chini," Fundi alimalizia.

Kwa mara ya kwanza uso wake ulilingana na ile sura ya mshangao aliyokuwa nayo siku zote. Aliichukua sufuria ndogo kwa mkono mmoja na kubwa kwa mwingine, akazipima hivyo, juu chini, kama mwanamke wa sokoni.

Mkewe ndiye aliyeuliza. "Mbona sisi wazima? Tumekula humo tangu ujana."

"Mama, kichwa hakikuumi? Presha?"

"Presha ni ya uzee."

"Inawezekana. Inawezekana pia uzee una msaidizi. Risasi hukaa mifupani miaka mingi, hupandisha presha, huchosha figo. Ila mtu mzima hufyonza kidogo. Mtoto hufyonza nyingi, tena ikiwa damu yake ni pungufu ndiyo zaidi, na ubongo wake bado unajengwa. Ndiyo maana anasahau. Ndiyo maana tumbo."

"Atapona?"

Nesi alifikiri kabla ya kujibu, na nilimheshimu kwa hilo. "Kinachoingia kikikoma, damu itashuka. Mpeni maharage, mboga za majani, maziwa. Nitampima tena na tena, na ikikataa kushuka kuna dawa ya hospitali. Kilichokwisha kuguswa kichwani, sitawaahidi. Na si sufuria tu, mzee. Vumbi la hapa, nguo zako, mikono yako. Unamkumbatia ukitoka kazini?"

"Nisipomkumbatia analia," alisema Fundi.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha kushikia sufuria bado mkononi. "Afadhali tungelia gaeni," alisema, akaingia ndani.

Binti yao alivuka mto kwenye mbao mwisho wa juma hilo, viatu mkononi. Ana mdomo wa mama yake na nyusi ambazo bila shaka zilikuwa za baba yake zamani. Alimsalimia baba yake kwa kupiga goti kidogo, kisha akabaki amesimama.

"Sikuja kugombana, baba."

"Basi huo uso umeuazima kwa nani?"

"Nimekuja kumchukua mtoto. Mama naye atakuja, amekubali. Nikiwa kazini atakaa naye."

"Nimeshazitoa zile sufuria jikoni. Nimepiga deki. Nimefagia hadi barabarani."

"Na hilo shimo?"

Fundi alilitazama shimo la mkaa kana kwamba lilichimbwa jana na mtu mwingine. "Hilo ndilo lililokusomesha."

"Najua. Ndiyo maana sikuja kugombana." Alimpokea mtoto kutoka kwa bibi. "Ukiliacha, mlango wangu uko wazi, baba, kitanda kipo. Ukija na nguo zake na vumbi lake tutasalimiana barabarani, na mimi sitaki kukusalimia barabarani."

Kijiko alikuwa ameshika kijiko chake. Mama yake alimfungua vidole, akakiweka juu ya ukuta.

"Babu," mtoto aliuliza, "na ukoko?"

"Utakula kwa mama."

"Sufuria ya mama haina ukoko."

"Basi utauzoea wali," alisema Fundi, na bibi akacheka kidogo kwa sababu mtu alipaswa kucheka. Akamwambia mumewe, "Namchukua mke mwenzangu. Wewe ubaki na huyo mke wako wa tatu," akimaanisha lile shimo.

Walipokwisha kuvuka, nadhani Fundi alitaka kwanza kuona kama anaweza kuwa na vyote viwili, shimo na mjukuu. Alitenga rejeta zenye lehemu, ambayo nayo ina risasi, akatupa risasi za rimu, akayeyusha pistoni tupu. Sufuria zikatoka nyepesi. Wanawake walizinyanyua, zikapanda juu kuliko walivyotarajia.

"Fundi, hii ni sufuria au kofia?"

"Fundi Nzito kawa Fundi Karatasi!"

Aliyavumilia. Alichoshindwa kukivumilia ni jibu la nesi. Alimwendea zahanati na moja ya sufuria hizo, akamuuliza, "Nikichagua vyuma vizuri, imekwisha?"

"Itapungua."

"Sikuuliza hilo."

"Chuma chakavu kimepita mikono mingi, baba. Kimepakwa rangi, kimechomelewa. Na kuna madini mengine mabaya mbali na hiyo risasi. Wewe utajuaje kilichomo?"

Alirudi akanirudia swali hilo mara kadhaa, kila mara kwa sauti ya nesi. Kwa miaka yote alizisikiliza sufuria kwa kifundo cha kidole, na sauti nzuri kuliko zote ndiyo iliyotoka kwenye ile mbaya kuliko zote.

Moto ukazimwa. Hakutangaza. Asubuhi moja tu hapakuwa na moshi, na wageni waliotafuta mtaa wetu wakapotea.

Kisha akaanza kuzidai sufuria zake. Alipita nyumba kwa nyumba, mchana, akiwa amevaa shati la kutokea. Nilifuatana naye hadi kwa muuza maji, yule aliyenielekeza siku ya kwanza.

"Jirani, naomba ile sufuria."

"Imekukosea nini?"

"Ina sumu."

"Ala! Nimepikia tangu kuolewa, nimezaa, nimelea, leo ndiyo imeota sumu? Sema umempata mke mwingine unataka kumpelekea."

"Mjukuu wangu anaumwa kwa sababu yake."

"Pole sana. Wangu hawaumwi."

"Uliwapima?"

Muuza maji alifunga ndoo, akafungua, akafunga tena. "Nikikupa, leo nipikie nini? Kichwa chako?"

"Nitakupa nyingine, ya kununua dukani. Ya chuma cha pua."

"Ile inayounguza? Nenda zako, mzee. Ulinipa mwenyewe, ukaisifu mwenyewe. Hata uliigonga kwa kidole nisikie wimbo wake."

Wengi walijibu hivyo hivyo, kwa heshima zaidi au pungufu. Wachache walitoa, hasa wenye watoto wachanga. Lakini siku chache baadaye muuza maji alisukuma mlango wa uani kwa goti, akaitua sufuria yake katikati ya uwanja kwa kishindo. Alikuwa ametoka zahanati na wanawe.

"Usiniulize majibu," alisema. "Kifuniko nimebaki nacho. Hicho si chako."

Sufuria zilizokusanyika zikawa tatizo jipya, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini usiku nilimsikia Fundi akizunguka uani. Fundi alichukua patasi akazitoboa kitako moja baada ya nyingine, tatu za mkewe zikiwa za kwanza. Kisha akaketi juu ya ndoo akizitazama.

"Kutoboa si kitu," aliniambia. "Tundu linazibwa. Nikizitupa, muokota vyuma ataziokota. Muokota vyuma atampelekea fundi wa mji mwingine. Na yule fundi atazinyanyua, atafurahi. Atasema, leo nimepata chuma kizito. Na ya mwisho atampa mkewe."

Nesi alikuwa ameahidi kwamba gari la afya litakuja kuzichukua, zikafukiwe mahali panapofaa. Gari hilo halikuwa na siku.

Daraja ndilo lililokuwa na siku. Lilifunguliwa, na lori la kwanza kuvuka lilikuwa la dereva yule yule, ambaye alinikumbuka na kunishikia nafasi mbele. Nilikuwa nimefunga begi. Fundi alikuja chumbani kwangu ameoga, amenyoa, amevaa nguo mpya kabisa zenye mikunjo ya kiwandani. Binti alikuwa amemtumia, amezishona mwenyewe. Viatu vya kazi alikuwa amevichoma.

"Wewe huna haraka," alisema. Halikuwa swali.

"Sina."

"Muokota vyuma hupita kila siku na toroli lake, na anajua nimezima moto. Anavizia. Mtu akikaa hapa hadi gari la nesi lifike..." Aliutoa ufunguo wa lango. "Hata kodi usinipe."

Nikauchukua. Tulizibeba sufuria hadi chumbani mwangu, tukazipanga chini ya kitanda na chini ya dirisha, vitako vilivyotobolewa vikitazama juu. Mikono ilituuma. Aliniambia ninawe, akasimama kuhakikisha nimenawa hadi viwikoni.

Kwenye lori alipanda katika nafasi yangu. Hakuwa na kitu ila mfuko wa plastiki wenye maziwa ya kopo na kijiko cha mbao ambacho seremala wa kitanda cha tofali alimchongea. Dereva alichungulia nyuma, akatazama chini, akatazama huku na huku.

"Mzee, mzigo wako uko wapi?"

"Anao huyo," alisema Fundi, akinionyesha kwa kidevu. "Twende kabla sijaanza kumwonea huruma."

Lori likavuka polepole, likijaribu mbao mpya. Nilirudi uani. Toroli la muokota vyuma lilikuwa tayari limeegeshwa langoni, mwenyewe akibisha hodi kwa sauti ya urafiki.